Kila jozi ni mwaka? Kusoma udongo wa Ziwa Hitchcock

Katika bonde la mto Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani, udongo wa chini una mistari. Kwangua ukingo wa kijito kwa jembe na utaona mstari mpauko, mstari wa giza, mpauko, wa giza, imelaliana kama ukili ulioshonwa kuwa mkeka. Hayo ni mashapo ya Ziwa Hitchcock, ziwa la maji ya barafu lililojaa bonde hilo mwishoni mwa Pleistosini, yaani zama za barafu, kutoka Rocky Hill katika jimbo la Connecticut hadi kaskazini mwa Vermont, urefu wa takriban kilomita 320. Hartford na Springfield, miji ambayo leo ina wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko, imo ndani ya eneo lililofunikwa na ziwa hilo.

Mtu akiambiwa kwamba kila jozi ya mistari ni mwaka mmoja, jambo la kwanza hufanya ni kuanza kuhesabu. Asianze. Jozi haiwi mwaka mpaka ithibitishwe, na ukuta mmoja wa udongo hauwezi kujithibitisha wenyewe.

Kwanza ziwa lilivyopatikana. Barafu kuu ya Laurentide, iliyofunika sehemu kubwa ya Kanada na kaskazini mwa Marekani, iliposhuka kusini iliishia Long Island. Ilipoanza kurudi nyuma, maji yake yalitupa mchanga na kokoto kukatiza bonde pale Rocky Hill, na rundo hilo likawa bwawa. Maji nyuma yake yalipanda hadi yakapata njia ya pembeni, New Britain, yakamwagikia huko. Kwa kuwa njia hiyo ilihimili mmomonyoko, uso wa ziwa ulikaa karibu kimo kilekile kwa maelfu ya miaka, huku barafu ikirudi kaskazini na ziwa likirefuka nyuma yake. Jina lake linamuenzi Edward Hitchcock, mwanajiolojia wa Amherst wa karne ya 19 aliyelichunguza bonde hilo.

Mwaka mmoja ndani ya sentimita moja

Waswidi, waliotangulia kuisoma mistari hii, huiita *varv*, neno lenye maana ya mzunguko. Kwa Kiswahili naandika varvu. Varvu moja ni jozi kamili: tabaka la kiangazi chini, tabaka la majira ya baridi juu.

Sababu ya jozi ni kasi ya chembe kuzama. Wakati wa kiangazi barafu huyeyuka na mito huleta kila kitu kwa pamoja: mchanga laini, unga wa mwamba uliosagwa na barafu, na chembe za udongo mfinyanzi. Maji hayo ya tope ni mazito kuliko ya ziwa, kwa hiyo hutambaa sakafuni. Chembe ya unga wa mwamba yenye kipenyo cha mikromita 20 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), katika maji tulivu ya nyuzi joto 4, hushuka takriban mita 20 kwa siku. Chembe ya mfinyanzi ya mikromita 2 hushuka sentimita 20 tu kwa siku, kwa maana kasi hufuata mraba wa kipenyo: punguza kipenyo mara kumi, kasi hupungua mara mia. Ziwa likiwa na kina cha mita 30, ya kwanza hufika chini kwa siku moja na nusu, ya pili huhitaji kama miezi mitano, tena bila kutikiswa. Miezi hiyo mitano ya utulivu hupatikana mara moja tu kwa mwaka: uso wa ziwa ukiganda, upepo haufiki majini, mito imekauka, na ule ukungu wa chembe uliobaki ukielea unashuka polepole mpaka masika.

Ndiyo maana tabaka la baridi lina tabia yake, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Linaanza palipoishia kiangazi, linazidi kuwa laini kadiri unavyopanda, halafu juu linakatika ghafla kwa mstari mkali pale unga wa mwamba wa kiangazi kinachofuata unapoanza. Mpaka huo mkali ndio unaohesabiwa, si rangi. Kuhakikisha, chukua chembe ndogo kwa ncha ya kisu uiweke kati ya meno ya mbele. Unga wa mwamba unakwaruza. Mfinyanzi halisi unateleza kama siagi. Kipimo hiki ni cha kale na bado sijaona cha haraka zaidi ukiwa uwanjani.

Maji ya chumvi huharibu utaratibu wote. Chumvi huzifanya chembe za mfinyanzi kugandamana mabonge, mabonge huzama sawa na unga wa mwamba, na mistari hufifia au hupotea. Kwa hiyo varvu safi zinakwambia pia kwamba ziwa lilikuwa la maji baridi yasiyo na chumvi.

Unene hutofautiana mno. Karibu na mdomo wa barafu varvu moja huweza kufika makumi ya sentimita, nayo imejaa mchanga. Kilomita kadhaa mbali inakuwa sentimita moja au chini yake. Kwa sababu barafu ilikuwa ikirudi, ukianzia chini ya ukuta utakuta varvu nene za mchanga, kisha zinakonda kuelekea juu. Ukikuta kinyume cha hapo, tafuta maelezo kabla ya kuandika namba yoyote.

Kuchukua sampuli

Ukingo wa kijito unaoliwa na maji ndio mzuri, au shimo la zamani la kuchimbia udongo wa matofali. Bonde hilo lilikuwa na viwanda vya matofali kwa miaka mingi kwa ajili ya udongo huu huu. Omba ruhusa ya mwenye ardhi, na usisimame chini ya ukuta wenye ufa sambamba na ukingo, maana udongo huu huteleza vipande vikubwa.

Ondoa sentimita 20 hadi 30 za uso kwa jembe, kisha nyoosha kwa mwiko wa mwashi ukikata kwa mlalo. Ukikata kutoka juu kwenda chini, mwiko unapaka mfinyanzi juu ya unga wa mwamba na mistari inajificha. Acha uso upumue. Baada ya saa moja au mbili, kutegemea jua, tabaka za kiangazi hukauka zikapauka na zile za baridi hubaki na unyevu, nyeusi. Dirisha hilo la ukavu nusu ndilo la kupiga picha na kuhesabia. Likikauka lote, rangi hulingana tena na nyufa huanza.

Zamani walibandika ukanda mrefu wa karatasi ukutani na kutia alama ya penseli kwenye kila mpaka wa juu wa tabaka la baridi. Bado inafaa, hasa kwa mtu mmoja. Lakini kwa kumbukumbu ya kudumu beba udongo wenyewe. Pasua bomba la plastiki la inchi 3 kwa urefu, upate nusu za sentimita 60. Chonga nguzo ya udongo yenye upana wa bomba, ifunike kwa nusu hiyo, kisha ikate kwa nyuma kwa waya mwembamba uliokazwa kati ya vipini viwili. Andika kwenye plastiki mshale wa juu, namba, na kimo. Nusu inayofuata ianze sentimita 10 hadi 15 ndani ya eneo la ile ya kwanza, ikiwa imesogezwa pembeni kidogo. Mwingiliano huo si anasa: miisho ya kila kipande hubomoka, na varvu moja ikipotea kwenye kiungo, hesabu yote ya juu yake imehama mwaka mmoja. Funga kwa nailoni isipitishe hewa.

Ukitumia bomba zima na kulisukuma ardhini, pima kina cha shimo na urefu wa udongo uliotoka. Vikitofautiana, udongo umebanwa, na unene utakaopima si wa kweli. Idadi itasimama, unene hautasimama, na unene ndio utakaouhitaji baadaye.

Nyumbani au maabara, nyoa uso kwa wembe mpya, acha ukauke nusu, piga picha kamera ikiwa wima kabisa na rula ndani ya kila picha. Chomeka pini kila varvu ya kumi. Hesabu kutoka chini kwenda juu, mara mbili, na mtu wa pili ahesabu bila kuonyeshwa jibu lako.

Pale hesabu inapodanganya

Kosa la kawaida kuliko yote ni kugeuza kiangazi kimoja kuwa miaka mitatu. Mvua kubwa, wiki ya joto kali, au poromoko la ukingo chini ya maji huleta tope jipya katikati ya kiangazi, nalo huacha kijitabaka chake chenye mchanga chini na laini juu. Kwa macho kinafanana na varvu ndogo. Tofauti iko kwenye kichwa chake: sehemu yake laini bado ina unga wa mwamba, inakwaruza meno, na haina unene unaofanana na tabaka za baridi za jirani zake. Katika ukuta mmoja tabaka za baridi hubadilika kidogo tu mwaka hadi mwaka, wakati za kiangazi hupanda na kushuka ovyo. Tabaka la baridi lililo jembamba mara tano kuliko majirani zake linastahili kushukiwa.

Kosa la kinyume ni miaka iliyopotea. Mkondo wenye nguvu hukwangua sakafu na kuondoka na varvu mbili au kumi. Kipande cha barafu kinachoelea hulima mfereji. Barafu iliyozikwa chini ya mashapo ikiyeyuka, udongo hudidimia na kukatika, na ule ufa mdogo wa mshazari hurudia varvu au huziruka. Vipande vya udongo vilivyoteleza huonekana kama mikunjo kati ya tabaka zilizonyooka. Ruka sehemu hiyo, tafuta upande mwingine wa ukuta ambapo tabaka zilezile zimetulia. Mita ya juu kabisa, yenye mizizi, mara nyingi haifai.

Kuna pia mawe ya chokaa yaliyokua ndani ya udongo wenyewe, bapa na mviringo kama vifungo au sahani, hasa kwenye tabaka za kiangazi ambako maji hupita. Yanavutia macho, na watoto wa bonde hilo wameyaokota vizazi na vizazi, lakini hukunja tabaka zinazoyazunguka. Pima sentimita kadhaa pembeni yake.

Usitupe vipande ulivyomaliza kupima bila kuvibandua. Udongo ukipasuka kwenye mpaka wa tabaka, uso wake huonyesha nyayo za wakazi: michirizi ya viumbe wadogo, na safu za alama zilizoachwa na mapezi ya samaki aliyekuwa akirukaruka sakafuni. Hilo ni jambo kubwa. Ziwa lililopakana na barafu lilikuwa na samaki.

Kuta mbili, kisha mia

Uthibitisho huja unapochora. Mlalo weka namba ya varvu, wima weka unene. Kila ukuta hutoa mchoro wa vilele na mabonde, kama alama ya kidole. Peleka mchoro wa ukuta wa pili juu ya ule wa kwanza, usogeze varvu moja moja mpaka vilele vikae juu ya vilele. Kiangazi chenye joto kiliyeyusha barafu nyingi kote bondeni, kwa hiyo varvu nene ya mwaka huo inaonekana nene pia kilomita nyingi mbali. Zikilingana varvu 100 mfululizo katika kuta mbili, umepata miaka. Zikilingana 40, kisha moja ikalazimika kurukwa, kisha 35 zikalingana tena, umepata kosa: rudi kwenye kipande hicho katika kuta zote mbili uone nani ana kijitabaka cha dhoruba na nani amekwanguliwa. Zikilingana 12 tu, hujapata kitu. Vilele 12 vinaweza kufanana kwa bahati.

Mwanajiolojia Gerard De Geer wa Uswidi ndiye aliyeanza kazi hii. Aliiona mistari mwaka 1878, na mwaka 1905 aliwatawanya wanafunzi wa Stockholm na Uppsala kupima kuta nyingi kwa wakati mmoja, akaziunganisha, na mwaka 1910 akatangaza kalenda yake ya miaka 12,000 mbele ya kongamano la wanajiolojia lililofanyika Stockholm. Kalenda hiyo baadaye ilihitaji kusahihishwa kwa mamia ya miaka, lakini njia yake haikuvunjika. Mwaka 1920 alikwenda Marekani, na mmoja wa aliofuatana nao, Ernst Antevs, akabaki. Antevs aliliunganisha bonde la Connecticut kuta kwa kuta na kuchapisha mwaka 1922 na 1928, akiacha pengo karibu na Claremont, New Hampshire. Kazi ya Jack Ridge wa Chuo Kikuu cha Tufts na wenzake ililiziba, na mwaka 2012 wakachapisha mfululizo mmoja wa miaka 5,659, kuanzia takriban miaka 18,200 hadi 12,500 iliyopita. Kwa kipindi cha kale kiasi hicho, kujua mwaka hadi mwaka ni neema.

Kwa mfululizo huo unaweza kupima mwendo wa barafu. Varvu ya chini kabisa mahali fulani, ile iliyokaa juu ya mwamba au juu ya mawe yaliyoachwa na barafu, ni mwaka ambao mahali hapo palifunguka. Tuseme varvu ya chini ya ukuta mmoja ni namba 5,000, na ya ukuta ulio kilomita 8 kaskazini ni namba 5,110: barafu ilirudi mita 8,000 kwa miaka 110, yaani kama mita 73 kwa mwaka. Sharti ni kuwa umefika chini kweli. Ukiishia kwenye jiwe moja lililodondoshwa na barafu inayoelea ukadhani ni mwamba, kasi yako yote ni ya uongo.

Varvu hizi peke yake hazijui zilianza lini; zinaelea mpaka zifungwe kwa kaboni-14, kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana ndani ya kiumbe kilichokufa. Usipime tope zima: lina kaboni ya kale iliyosagwa kutoka kwenye miamba, na umri utazidi. Mimea ya majini nayo hunywa kaboni hiyo. Chekecha kilo kadhaa za udongo kwa maji, utafute jani au kijiti cha mmea wa nchi kavu. Miligramu chache zinatosha.

Mito iliyoingia ziwani

Pembeni mwa ziwa hadithi ni ya kokoto. Mto ukifika majini hutupa mzigo wake kwenye ncha, na tabaka za mchanga na changarawe huinama nyuzi 25 hadi 30 kuelekea kilindini. Juu yake mto hutandaza kokoto karibu bapa. Pale kokoto za juu zinapoyakata matabaka yaliyoinama ndipo uso wa ziwa ulipokuwa, kwa tofauti ya mita moja au mbili. Kokoto bapa zenyewe hulaliana kama vigae, zikiinamia upande maji yalikotoka. Pima 50 kwa dira kabla ya kusema mto ulielekea wapi.

Wanajiolojia Carl Koteff na Frederick Larsen walipima vimo vya delta hizi, yaani marundo hayo ya midomo ya mito, na kuchapisha mwaka 1989. Zilikaa kwenye mstari ulionyooka unaopanda takriban mita 0.9 kwa kila kilomita kuelekea kaskazini. Uso wa ziwa hauwezi kuinama. Ardhi ndiyo iliyoinuka baada ya kutuliwa mzigo wa barafu, kaskazini zaidi kuliko kusini. Katika kilomita 200 hiyo ni mita 180. Na kwa kuwa mstari umenyooka, ingawa delta za kusini zimetangulia zile za kaskazini kwa maelfu ya miaka, ardhi ilianza kuinuka baada ya delta hizo kujengwa. Napenda matokeo haya kuliko mengine yote ya bonde hili: mtu na kipimo cha kimo, akitafuta mpaka mmoja ndani ya shimo la kokoto, anaipima dunia ikiinuka.

Anayefikiri kila mrudio ni mwaka aende Burlingame Canyon, karibu na Walla Walla, jimbo la Washington. Mwaka 1926 maji ya mfereji wa umwagiliaji yaliachiwa yakachimba korongo hilo kwa siku chache, yakafunua matabaka kama 40 yanayofanana, kila moja mchanga chini na laini juu. Mwanajiolojia Richard Waitt alionyesha mwaka 1980 kwamba kila moja ni gharika nzima kutoka Ziwa Missoula, ziwa jingine la kale la maji ya barafu, ambalo bwawa lake la barafu lilivunjika, likajengeka, likavunjika tena. Kati ya matabaka hayo upo mstari wa majivu ya volkano ya Mount St. Helens, na majivu yale yalitua juu ya nchi kavu. Muda kati ya tabaka moja na jingine ni miaka, wakati mwingine makumi, na huujui kwa kuhesabu hapo.

De Geer mwenyewe alipita kiasi. Mwenzake Erik Nilsson alikuwa amechunguza barafu ya kale na maziwa ya kale ya Kenya, na mwaka 1934 De Geer aliandika juu ya varvu za Afrika Mashariki akizioanisha na za Uswidi. Ulinganisho wa namna hiyo, wa bara na bara, ulikataliwa, na kwa haki. Kwenye ikweta hakuna miezi mitano ya ziwa kuganda. Juu ya Rwenzori na Mlima Kenya huyeyuka mchana na kuganda usiku mwaka mzima, na mvua huja misimu miwili. Tope la maziwa ya huko halina saa ileile.

Kwa hiyo Daniel Livingstone, mtafiti wa maziwa, alipochukua sampuli ya Ziwa Mahoma, lililozungukwa na kifusi cha barafu ya kale kwenye Rwenzori upande wa Uganda, karibu mita 3,000 juu ya bahari, hakuhesabu mistari. Alisukuma bomba lenye pistoni, aina aliyoieleza mwaka 1955 na ambayo bado inatumika duniani kote, akachukua tope la chini kabisa akalipeleka kupimwa kaboni. Jibu alilochapisha mwaka 1962 lilikuwa takriban miaka 14,700 ya radiokaboni: barafu ilikuwa imekwisha kuliachia shimo la Mahoma kufikia hapo.